Ramani Inayochorwa Mara Mbili: Mpango na Mbubujiko katika Historia ya Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Mwandishi wa riwaya anapokutana na wanafunzi, swali moja halikosi kuulizwa: je, alipoanza sura ya kwanza alikuwa ameshajua sura ya mwisho itakuwaje? Swali hilo linaonekana jepesi, lakini ndani yake mmejificha imani mbili zinazopingana. Imani ya kwanza hushikilia kwamba riwaya ni nyumba, na nyumba haisimami bila ya mchoro. Imani ya pili hushikilia kwamba riwaya ni chemchemi, na mwenye kuichimbia mfereji kabla haijabubujika hupata mfereji mkavu.

Kwa ajili ya mjadala huu, istilahi mbili zitatumika. Mpango ni maamuzi anayoyafanya mwandishi kabla ya kuandika, kuhusu mwanzo, mwendo na mwisho wa kazi yake. Mbubujiko ni yale yanayomjia katika tendo lenyewe la kuandika, ambayo hakuyatarajia. Inafaa kuzitofautisha istilahi hizi na msuko, ambao ni mpangilio wa matukio katika kazi iliyokwisha kukamilika. Wanafunzi wa shule hufundishwa kubainisha kama msuko ni wa moja kwa moja, rejeshi au changamani, na hilo ni jambo jema. Kosa huingia pale msuko unapochukuliwa kuwa ndio njia aliyoipita mwandishi. Mkeka uliokwisha kushonwa haumwambii mtazamaji ni mara ngapi ukili wake ulisukwa ukafumuliwa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mpango na mbubujiko si kambi mbili za waandishi. Katika historia ya riwaya ya Kiswahili, kila kipindi kilikuja na mpango wake, na mara nyingi mpango huo ulitoka nje ya mwandishi: katika mapokeo, katika ofisi ya uchapishaji, katika gazeti, katika mtaala, au katika historia ya nchi. Kazi zinazoendelea kusomwa ni zile ambazo mwandishi wake aliupokea mpango, akauacha uandishi uusahihishe, kisha akauchora upya. Kwa maneno mengine, ramani ya riwaya huchorwa mara mbili.

Ramani iliyopotea

Usemi huo una kisa chake, nacho kinahusu kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wamekifahamu kwa muda mrefu. Mwaka 1881, Robert Louis Stevenson alikuwa Braemar, nchini Scotland, pamoja na familia yake. Mvua ilikuwa haikatiki. Akiwa na mtoto wake wa kambo, alichora na kupaka rangi ramani ya kisiwa cha kubuni. Alipokuwa akiitazama, watu wakaanza kumtokea kati ya vilima na ghuba zake. Akaanza kuandika, sura moja kila siku, na kuwasomea watu wa nyumbani. Baba yake mzazi alivutiwa kiasi cha kuchangia orodha ya vitu vilivyomo katika sanduku la baharia mmoja wa hadithini. Baada ya siku kumi na tano na sura kumi na tano, kisima kikakauka. Hakuwa na neno la kuongeza. Sehemu iliyobaki ilimjia baadaye huko Davos, Uswisi, tena kwa mwendo uleule wa sura moja kwa siku. Hadithi hiyo ilianza kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida la watoto mwaka huohuo, ikatoka kama kitabu mwaka 1883.

Stevenson alikiri baadaye kwamba ile ramani ya kwanza ilitumwa kwa mchapishaji ikapotea. Ilimbidi akisome kitabu chake mwenyewe tangu mwanzo, akusanye kila sentensi inayotaja kilima, mto au umbali, kisha achore ramani nyingine inayolingana na maelezo hayo. Mara ya kwanza ramani ilikizaa kitabu, mara ya pili kitabu kikaizaa ramani. Mwandishi mwenyewe hakuipenda ramani ya pili kama alivyoipenda ya kwanza, lakini ni hiyo ya pili iliyochapishwa.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kilikuwa miongoni mwa tafsiri zilizotengenezwa kwa ajili ya shule tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, nyingi zikipitia mikononi mwa Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Kwa wasomaji wengi wa wakati huo, tafsiri hizo ndizo zilizokuwa mfano wa hadithi ndefu ya nathari iliyochapwa. Walichokipokea ni zao lililokamilika. Kisima kilichokauka na ramani iliyopotea havikutafsiriwa.

Msimulizi na mtunzi wa tenzi

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba suala hili liliingia katika Kiswahili pamoja na vitabu vya shule. Msimulizi wa ngano alilijua zamani. Anapoita “Paukwa!” na kuitikiwa “Pakawa!”, mkononi ana mpango: anajua sungura atamshinda fisi, anajua wimbo utaimbwa mara ngapi, anajua mwisho. Lakini hajui ni wapi watoto watacheka, na wakicheka ataurefusha mchezo, wakisinzia, ataukata. Kiunzi cha ngano ni cha jamii nzima, ila nyama yake ni ya jioni ile moja. Edward Steere alipochapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja, alichokihifadhi, kwa lazima ya uchapaji, ni masimulizi ya mara moja. Baada ya kuchapwa, usimulizi mmoja ulianza kuonekana kama ndio hadithi yenyewe.

Mtunzi wa tenzi naye alikuwa na mpango usioyumba. Katika Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Bwana Mwengo na mwaka 1728, kama ilivyo katika tenzi nyingi za kale, kisa kilikuwa kimekwisha kupokewa kutoka katika masimulizi ya vita vya Kiislamu. Mtunzi alianza kwa kumtaja Mungu, akaomba wino na karatasi, kisha akaingia katika habari ambayo wasikilizaji waliujua mwisho wake. Uhuru wake haukuwa katika kubuni mwisho. Ulikuwa katika ubeti: namna ya kuituliza vita ili aonyeshe machozi ya mama mmoja, au kuiharakisha safari ya mwezi mzima ndani ya mishororo minne. Hivyo basi, riwaya ilipokuja ilikuta mapokeo mawili ambayo yote mawili yalikuwa yamekwisha kupatanisha kilichopangwa na kinachozuka.

Shaaban Robert na pande sita

Hakuna kazi ya nathari ya Kiswahili ambayo mpango wake uko wazi kuliko Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951. Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kwenda pande sita: pande nne za dunia, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mjumbe anapata taabu, anarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, na anaishia gerezani. Msomaji anapofika kwa mjumbe wa tatu, ameshajua litakalompata wa nne.

Wako wasomaji wanaouona urudiaji huo kuwa udhaifu wa ufundi. Lakini katika kitabu hiki mpango wenyewe ndiyo hoja. Dhuluma moja ingeweza kuwa bahati mbaya. Dhuluma sita zenye umbo moja ni utaratibu wa serikali. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliuchagua mpango mgumu kama mizani ili uzito wa shitaka uonekane. Mbubujiko uko mahali pengine: katika kinywa cha Karama. Mshitakiwa aliyesimama kujitetea nafsi yake anajikuta akiwatetea watu wengine, na hotuba yake inafurika hadi kulifunika shitaka lililomleta barazani. Kwa hiyo kiunzi hakitikisiki, lakini sauti iliyomo ndani yake inakua kupita kipimo ilichokatiwa.

Bwana Msa na siri ya mwisho

Riwaya ya upelelezi huonekana kuwa kinyume kabisa cha mbubujiko, maana mwandishi asiyemjua muuaji hawezi kuificha alama yake. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, alishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi ikafuata mwaka 1968, na mfululizo wa Bwana Msa ukaendelea hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Kiko cha Bwana Msa na mantiki yake vimewakumbusha wahakiki Sherlock Holmes, na ni kweli kwamba utanzu huo ulikuja na mpango wake: maiti, washukiwa, ushahidi wa uongo na ufumbuzi. Lakini mwenye kuzisoma riwaya hizo mara ya pili, akiwa ameshamjua mkosaji, hazisomi kwa ajili ya mpango. Huzisoma kwa ajili ya mazungumzo: Najum anavyokatiza maneno, Spekta Seif anavyokosa subira, mizaha ya barazani isiyomsogeza mpelelezi hata hatua moja karibu na jawabu. Ukali wa mpango ndio uliomwezesha mwandishi kulegeza mazungumzo. Mtu anayejua kwa hakika atakapofika haogopi kusimama njiani na kuamkiana na watu.

Kitereza: kuandika mara mbili

Mfano wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe unaipeleka hoja mbele zaidi. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto. Nia yake ilikuwa kuzihifadhi desturi za Wakerewe zisisahauliwe. Kwa hiyo mpango wake ulikuwa kama daftari la mila: kuoa, kulima, kuvua, kutibu, kupika pombe, kuwaendea wakwe, kuzaa, kuzika.

Mpango wa namna hiyo ungeweza kuzaa orodha. Kilichouokoa ni wale wawili. Bugonoka anapochukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya utasa, Myombekere analazimika kupeleka pombe ukweni ili kumrudisha. Kuanzia hapo, maelezo ya jinsi pombe inavyotengenezwa hayawi tena somo la mila, kwa kuwa kila hatua yake ni hatua ya mume kumwelekea mkewe. Desturi iliyoingia kitabuni kama kumbukumbu inageuka kuwa tukio. Hapo ndipo mpango wa mwanahistoria ulipomezwa na mbubujiko wa mtunzi, na hapo ndipo kitabu kilipokuwa riwaya.

Kikerewe hakikupata mchapishaji. Kitereza akaiandika upya kazi yake kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Huko kujitafsiri ni ramani ya pili kwa maana halisi: mtu mzee anakisoma kitabu chake cha zamani sentensi kwa sentensi na kukipima upya kwa lugha ya wasomaji wengine. Miaka mingi ilipita kati ya ramani hizo mbili.

Historia inapokuwa mpango

Kuna waandishi ambao mpango wao uliandikwa na matukio. Katika Kuli, iliyotoka mwaka 1979, Adam Shafi aliutumia mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948. Mwaka mmoja kabla yake, katika Kasri ya Mwinyi Fuad, alikuwa ameishughulikia jamii ya mashamba na mapinduzi ya mwaka 1964. Mwandishi wa riwaya ya aina hiyo hana uhuru wa kuuzuia mgomo usitokee. Hatari yake ni kwamba wahusika wataishi kana kwamba wao nao wameshasoma historia, na kila kosa lao litakuwa ngazi ya kuelekea ushindi.

Vuta n'Kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, inaonyesha njia nyingine. Harakati za kisiasa za Zanzibar ya miaka ya 1950 zimo, na Denge ndiye anayezibeba. Lakini kitabu kinaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, na moyo wake haufuati kalenda ya siasa. Anakimbia, anakosea, anapenda. Matukio ya nchi yana mwisho unaojulikana ilhali ya Yasmin hayana, na msomaji anafungua ukurasa kwa ajili ya hayo ya pili.

Kezilahabi: kutoka mstari hadi mzingile

Safari iliyo ndefu zaidi ni ya Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ya mwaka 1971 imejengwa kwa sababu na matokeo: ukali wa Zakaria unamnyima binti yake maarifa ya dunia, na Rosa anapoifikia dunia hiyo anaangamia. Kama mpango ungekuwa ndio mwenye neno la mwisho, riwaya ingekoma kwa kifo. Haikukoma. Inamfikisha msomaji mbele ya hukumu ya Mungu, ambako baba na binti wanasemezana, na uhalisia ulioshikiliwa tangu mwanzo unaachwa nyuma. Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) zikaendelea kuuhoji utaratibu wa maisha wenyewe, na mwaka 1976 mwandishi huyohuyo akawasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Aliijua vizuri ile jometri ya pande sita kabla ya kuipa kisogo.

Nagona na Mzingile, zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilipokewa na wengi kama kazi zisizo na msuko. Wakati hauendi mbele, mahali hapatambuliki, na mpaka kati ya ndoto na uhai umefutwa. Ni rahisi kusema kwamba hapa mbubujiko umeshinda. Lakini jina la riwaya ya pili linatahadharisha. Mzingile ni mahali pa kupotelea njia, na hakuna jengo linalohitaji mpango makini kuliko hilo. Anayetembea ndani yake hugongana na kuta bila kujua aendako. Aliyelijenga alilazimika kuijua kila kona. Upotevu wa msomaji si ushahidi wa upotevu wa mwandishi. Na kinyume chake ni kweli pia: unyoofu wa hadithi si ushahidi kwamba mwandishi hakupotea.

Gazeti na mtaala

Mipango mingine miwili imeigusa riwaya ya Kiswahili, na haistahili kupuuzwa. Wa kwanza ni wa gazeti. Hadithi za mfululizo, ambazo katika miaka ya 1990 na 2000 ziliwavuta wasomaji wengi wa Dar es Salaam kupitia kalamu za waandishi kama Eric Shigongo, humlazimisha mtunzi kumaliza kila toleo kwa taharuki, pengine kabla hajajua ataitatua vipi. Huo ni mbubujiko ulioamriwa na soko. Una nguvu ya msimulizi wa jioni, lakini unamnyima mwandishi jambo moja: sura ya kwanza ikishachapwa haiwezi kurekebishwa ili ikubaliane na ya ishirini. Ramani ya pili inapatikana tu kama hadithi itaandikwa upya kabla ya kuwa kitabu.

Wa pili ni wa mtaala. Riwaya inayoteuliwa shuleni hupata wasomaji wengi kwa mpigo, na mitihani huuliza maudhui, wahusika na mbinu. Si ajabu, basi, mwandishi kijana akaanza na orodha ya dhamira: ufisadi, ukimwi, nafasi ya mwanamke, uongozi mbaya. Kisha kila dhamira anaitafutia mhusika wa kuibeba. Kasoro hapa haiko katika kupanga. Kitereza naye alikuwa na orodha. Kasoro iko katika kutoiruhusu orodha ishindwe na mtu mmoja aliye hai ndani ya kitabu.

Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaelekeza kwenye jambo la kiutendaji. Iwapo ramani huchorwa mara mbili, basi ushahidi wa sanaa ya riwaya umo katika nafasi iliyo kati ya michoro hiyo: katika daftari, katika muswada uliokatwakatwa, katika sura iliyotupwa. Uhakiki wa Kiswahili umekuwa hodari wa kuisoma ramani ya pili. Ile ya kwanza, mara nyingi, haikuwekwa. Wachapishaji walihitaji nafasi katika makabati, warithi hawakujua thamani ya makaratasi yenye mikwaruzo, na kompyuta imezidisha hasara hiyo, kwa kuwa kila sahihisho hufuta lililotangulia bila hata kuacha kovu.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ni mrithi wa kazi kubwa ya kukusanya maneno na miswada ya kale ya tenzi. Taasisi za namna hiyo, pande zote za mpaka, zina kila sababu ya kuwaomba waandishi walio hai madaftari yao pamoja na vitabu vyao. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na Ken Walibora mwaka huohuo. Mwanafunzi anayeuliza kama mwandishi alikuwa akiujua mwisho anastahili kujibiwa kwa zaidi ya kukisia. Anastahili kuwekewa mezani karatasi ambayo mwisho mmoja umekatwa kwa wino na mwingine umeandikwa pembeni, ajionee mwenyewe mahali mkono uliposita.